Yule Mama Hayumo Kitabuni

Baba Nafula,

Nimekasirika, na mtu wa kukasirikia ni wewe. Nilijaribu kuwakasirikia wengine kwanza, na wako wengi, nitawafikia, lakini kila nikimaliza mmoja najikuta nimerudi kwako. Nimekaa hapa mezani na kalamu ya Nafula. Yeye ameenda kuteka maji. Mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima na kushuka. Utausoma hivyo hivyo. Wewe si ulikuwa unasoma hata yasiyoandikwa?

Ndiyo. Nimejua.

Lakini wacha nianze na watu wa kwenu, kwa sababu wao ndio walioanza.

Tulipokwisha kukuzika kule nyumbani, na nywele zikanyolewa, ndugu zako waliketi kugawana vitu vyako kama desturi inavyotaka. Koti lako la mvua akachukua Wekesa. Redio, Wekesa tena, ati yeye ndiye anayekufuata. Viatu vyako vya kanisani vilienda kwa mtu ambaye mguu wake nimeuona kwa macho yangu na hauingii. Sawa. Walipofika kwenye vile vitabu vyako vinne vya mitumba kutoka soko la Gikomba, vya yule binti na joka, wakacheka. "Hivyo aachiwe mama, awashie moto." Nikavifunga kwa leso, nikarudi navyo mjini, hapa Kaloleni, nimevipakata kama mtoto. Nikaviweka juu ya kabati, mahali pake. Ile karatasi ya sabuni uliyokuwa ukiweka alama ilikuwa bado ndani ya kitabu cha nne, karibu na mwanzo. Hatukuigusa. Nafula alikuwa akipita hapo anageuza uso.

Halafu akaja Mama Achieng.

Baba Nafula, unamkumbuka Mama Achieng? Unawezaje kutomkumbuka! Kila Jumapili baada ya chakula ulipokuwa ukifungua kitabu, nani alikuwa wa kwanza kuleta kigoda chake mlangoni? Nani alikuwa akinyamazisha watoto wa nyumba zote, "Shhh, Baba Nafula anasoma"? Barafu ilipomkata mguu Mama Nasimiyu, mama wa yule binti wa kitabuni uliyembatiza Nasimiyu kwa sababu jina lake la Kizungu lilitushinda, nani alilia mpaka akaomba kitambaa? Basi mama huyo huyo, siku ushirika wa kina mama ulipokuwa zamu yetu hapa nyumbani, alimaliza kuomba, akafumbua macho, akatazama juu ya kabati, akasema: "Mama Nafula, joka halikai ndani ya nyumba bure."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Akaendelea. Ati ile picha kwenye jalada ndiyo iliyofungua mlango. Ati siku hizi habari za watu wanaoabudu shetani ziko kila mahali, na sisi tulikuwa tukikaa hapa kila Jumapili tukisikiliza majitu na majoka kana kwamba ni mahubiri. Nikamwambia, "Mama Achieng, mume wangu aliangushwa na presha kazini, kiwandani kule Baba Dogo, mchana, mbele ya watu, akipanga makatoni ya sabuni. Joka lilikuwa huku Kaloleni juu ya kabati. Lilimfikiaje?"

Unajua alinijibu nini? "Shetani halipi nauli."

Na wengine wakasema amina! Wamekunywa chai yangu, wamekula mandazi yangu, wakasema amina.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Unanijua. Nilikuwa naamka kuangalia kama mlango umefungwa, halafu naangalia kabati. Si kwamba niliamini. Lakini moyo wa mtu aliyefiwa hauna komeo, neno lolote linaingia. Nikavigeuza vitabu, jalada likalala chini. Halafu nikaona aibu, nikavirudisha vilivyokuwa.

Haikupita muda shemeji Wekesa akatokea mlangoni na gunia tupu. Aliyempelekea habari sina haja ya kukutajia. Alikuwa amevaa koti lako. Nilipoona lile koti linaingia mlangoni, moyo wangu uliruka kabla sijaona uso. Hilo pia namdai.

"Shemeji, nimetumwa na wazee," akasema. "Tuvichome vile vitabu, mambo yaishe."

"Wazee gani hao waliovisoma?"

"Si lazima wavisome."

"Basi si lazima nivitoe."

Akakaa. Nikampa chai. Akaanza kuniambia kwamba ana nia njema, na kweli Wekesa hana ubaya, ana masikio tu ya kupokea kila kitu. Nikamwambia, siku ya kugawana vitu mlicheka, mkaniachia. Kilichoachwa kwangu ni changu. Kama ni kuchoma, mchome koti kwanza, ndilo alilokuwa akilivaa kwenda kuvinunua. Akalitazama lile koti, akafunga vifungo. Basi yakaisha. Alipoondoka niliweka unga na sukuma wiki ndani ya gunia lake, nisingeweza kumwacha arudi kwa watoto wake na gunia tupu. Lakini lile gunia nililifunga kwa hasira, ujue hivyo.

Ndipo nikamwambia Nafula: "Shusha kitabu cha nne. Tunasoma."

Alinitazama kama nimepagawa. Nikamwambia watu wananiuliza mambo ya vitabu hivi na mimi najua vitatu tu. Tusome hadi mwisho, nijue ninachokitetea. Lakini ukweli, Baba Nafula, wewe nitakuambia. Nilitaka kusikia Jumapili ikiwa na sauti. Tangu uende, Jumapili baada ya chakula nyumba hii inakuwa kama shule iliyofungwa. Nafula anakwenda kulala. Mimi nachambua mchele ambao nimeshauchambua. Nilitaka pia kujua Mama Nasimiyu amefika wapi. Ulituacha wakati yule mama ametoka soko la majitu na sufuria yake kichwani, anakwenda mlimani kumfuata binti yake, na usiku unaingia, na mimi nimekaa miezi yote hiyo na wasiwasi wa mtu wa kitabuni juu ya wasiwasi wangu mwenyewe.

Nafula alikataa kukaa kwenye kiti chako. Halafu akakaa ukingoni, kama mgeni. Akatoa karatasi ya sabuni, akaanza. Anafanya kama wewe: macho yanapita kwanza kwenye Kiingereza, midomo inacheza kidogo, halafu Kiswahili kinatoka. Polepole kuliko wewe, lakini safi. Nasimiyu alikuwa amefika kwenye lango la barafu, mahali ambapo joka limefungia moto wa nchi nzima. Chungu chake cha kubebea kaa la moto kimepata ufa. Upepo unapiga. Mimi na ungo wangu wa mchele, nasikiliza, nangojea.

Nikauliza, "Mama yake amefika wapi?"

"Subiri, Mama."

Ukurasa mwingine. Mwingine tena. "Nafula, na mama?"

"Hajatajwa bado."

Nikasema atakuja, huwa anachelewa, huyo lazima apite mahali kuuliza bei ya kitu. Jumapili iliyofuata tukasoma tena. Mama hakuna. Nafula naye akaanza kuingiwa na shaka, akawa anafunua kurasa za mbele, anatafuta. Akasimama mahali. Akasoma kimya, akarudia. Halafu akasema, "Hapa imeandikwa: Nasimiyu alimkumbuka marehemu mama yake."

Marehemu!

Mchele ulimwagika wote. "Marehemu lini?" nikamwuliza. "Juzi alikuwa sokoni anabishana na jitu!"

Nafula akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na wakati anacheka nikaona macho yake hayacheki. Akasema, "Mathe, fathe alikuwa anatunga."

Nikamwambia mimi si mathe, mimi ni mama yako, na baba yako hakuwa mwongo, na pengine Kiingereza chako cha kidato cha pili hakijafika mahali Kiingereza cha baba yako kilipofika. Lilikuwa neno baya. Nililiona likimfikia. Akaweka kitabu mezani mbele yangu, wazi, akanisogezea. "Basi soma wewe."

Nimesoma hadi darasa la nne, Baba Nafula. Nilikitazama kile kitabu na chenyewe kikanitazama.

Hatukuongea vizuri siku kadhaa. Lakini mtoto wako ni mtoto wako. Hakulala. Alichukua kitabu cha kwanza, cha pili na cha tatu, akapita navyo kila jioni akitoka shule, kidole kwenye mstari, kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo kwenye stovu, lakini masikio yangu yalikuwa kwake. Siku moja akavipanga vyote mezani, akanipa habari kama karani.

"Msitu unaotembea upo. Lakini haukufokewa na mtu ukasimama. Nasimiyu alipanda juu ya mti akakaa mpaka ukachoka. Soko la majitu lipo. Alikwenda peke yake, akaibiwa. Mto upo. Daraja lipo. Kila kitu kipo, Mama. Isipokuwa mama."

"Hata lile la kumfunga jitu kitambaa cha kichwa?"

"Hakuna."

"Hata la chumvi?"

"Hakuna kitu. Alikufa kitabu cha kwanza, mwanzoni kabisa. Kurasa zote hizo baba alikuwa akitazama kitabu na kusema ya kwake."

Nilikaa chini. Unajua ni nini kilichonijia kwanza? Aibu. Mimi niliyesimama mbele ya kina mama wa ushirika nikakitetea kitabu! Mimi niliyemwambia Wekesa ni hadithi safi, ya mama anayemfuata mtoto wake, kuna ubaya gani? Kumbe nilikuwa nikitetea kitu ambacho hakipo. Wangeniambia, "Haya Mama Nafula, tuonyeshe huyo mama," ningewaonyesha wapi? Umeniacha uchi barabarani, Baba Nafula. Miaka yote hiyo! Kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, unafungua, unageuza kurasa, unalamba kidole, unasema "haya, tuone", na uso wako umetulia kama wa mhasibu. Na mimi nakuletea chai ya kulainisha koo. Chai ya kudanganyia!

Na Nafula ndiye aliyeumia zaidi. Mimi ni mtu mzima, nimedanganywa na wengi. Yeye alisema kitu ambacho nakiandika hapa ili kikuchome kama kilivyonichoma. Alisema, "Kama alitudanganya hili, alitudanganya nini kingine? Sasa nitajuaje ni baba gani niliyekuwa naye?"

Wewe ndiye mwenye jibu, na uko chini ya udongo.

Akasema hataki tena kuvisoma hivyo vinne. Jumamosi akaenda Gikomba kwa yule yule muuza vitabu wako, akarudi na kitabu kipya, cha kwanza cha mfululizo mwingine, cha mashujaa wanaopanda ndege wakubwa. Akakiweka mezani. "Hiki baba hajakigusa," akasema. "Tusome hiki, Mama. Humu kila kitu kitakuwa cha kweli." Na mimi nikaona, kama nikikubali tufungue hicho, tumekuzika mara ya pili. Na nikikataa, atainuka kwenye kile kiti na Jumapili haitarudi tena katika nyumba hii. Nilikuwa nikimtazama mtoto na kitabu, mtoto na kitabu, na chakula kinaungua.

Nikamwambia, "Kabla hatujachagua. Nisomee anavyokufa."

"Mama, una uhakika?"

"Mimi nimezika. Soma."

Akafungua cha kwanza. Akasoma. Mistari minne. Nilimwuliza kama amemaliza, akasema amemaliza. Mistari minne! Baridi ikaingia nyumbani, mama akawa amelala, asubuhi hakuamka, Nasimiyu akamfunika blanketi, akachukua chungu, akaondoka. Basi. Mtu amebeba mimba, amezaa, amenyonyesha, amefua, amekesha na homa, mistari minne, kitabu kinaendelea na mambo ya joka. Huyo mwandishi, popote alipo, yeye aliota kwenye mti? Simjui na sitaki kumjua. Nafula anasema vitabu vingi vya namna hii huanza hivyo, mama anaondolewa njiani ili mtoto apate kusafiri. Ati mama akiwepo safari haiendi. Haiendi! Nani anayefunga mizigo?

Nilikuwa nikifoka hivyo, nimesimama katikati ya nyumba na mwiko mkononi, ndipo nikakumbuka siku ile.

Ilikuwa wiki niliyotoka hospitali, nyuzi za tumbo bado hazijatolewa. Nilikuwa nimelala hapa kitandani, pazia limefunguliwa ili niwaone. Ulitoka kazini ukapitia Gikomba, ukaja na kile kitabu, ukasema ni cha kunipitishia wakati, kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu wanaokuja kuniombea kwa sauti ya msiba. Nafula alikuwa darasa la tano, amekaa sakafuni ameegemea kitanda, mkono wake umeshika shuka yangu. Hakuwa akiniachia siku hizo. Ukasoma. Baridi ikaingia nyumbani, mama akawa amelala. Halafu ukanyamaza.

Nakumbuka kwa sababu nilikuuliza, "Mbona umenyamaza?"

Ukasema koo limekauka. Nafula akakuletea maji. Ukanywa yote. Ukatazama kitabu. Ukamtazama mtoto, mkono wake kwenye shuka. Mimi hukunitazama kabisa. Halafu ukasema, "Basi asubuhi mama akaamka, akamkuta binti yake mlangoni na chungu, akamwuliza: Wewe, unakwenda wapi na miguu mitupu?"

Nilicheka mpaka nyuzi zikauma. Nikakuambia acha, utanifungua tumbo.

Nilipokuwa nimesimama hapo na mwiko, Nafula alikuwa akinitazama. Naye alikuwa amekumbuka. Akasema taratibu, "Mimi ndiye niliyeleta maji."

Nikaweka mwiko, nikakaa. Halafu akasema, "Mama. Yule ni wewe."

"Mimi sijawahi kufokea miti."

"Wewe hufokea hata mvua."

Unaweza kufikiri hapo ndipo hasira zangu ziliisha. Ziliisha wapi! Ndipo zilipozaliwa upya. Kwa hiyo yule mama anayeuliza kila mtu "umekula?" hata majitu, ni mimi. Yule anayerudi kuangalia mlango mara ya pili wakati joka linawakimbiza, ni mimi. Yule anayebeba chumvi kwenye pindo la leso kwa sababu hujui huko mbele watu wanapikaje, na majirani wote wanaanguka kwa kicheko, na mimi nacheka kuwashinda! Nilikuambia siku moja, nakumbuka vizuri, "Huyu mama ana wasiwasi kupita kiasi." Ukasema, "Kupita kiasi." Na macho yako kwenye ukurasa! Hukutikisika! Ulinichekesha kwa mimi mwenyewe, majirani wa korido nzima wakijua au wasijue, miaka na miaka, na hukuniambia hata siku moja. Ungeniambia ningefanya nini? Ningekasirika, ndiyo. Halafu ningefurahi. Umeninyima vyote viwili ukiwa hai, sasa nakasirika peke yangu mezani.

Nafula alivuta kile kitabu kipya na kile cha nne, akaviweka sambamba. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa tusome kipi?"

Nikasema cha nne.

"Kama kilivyoandikwa, au kama baba?"

Hapo nilifikiri sana, Baba Nafula. Mtoto ana haki ya kujua kilichoandikwa. Hatakubali nimlishe maneno, amekua, na hatakusamehe wewe nikimwambia afanye kama wewe. Lakini mimi siwezi kukaa nikisikiliza yule binti akienda mlimani bila mtu. Siwezi. Nikamwambia, "Wewe soma kilivyo. Usipunguze, usiongeze. Mama yake nitamsema mimi."

"Lakini Mama, kitabuni amekufa."

"Nimesikia. Soma."

Basi Jumapili iliyopita tukafungua mlango. Kwa ukaidi kabisa niliufungua wazi, anayetaka kusikia asikie, anayetaka kusema amina aseme. Mama Achieng akapita na sahani, akasema amekuja kuazima kitunguu. Nikampa kitunguu. Akabaki amesimama nacho. "Sikuja kwa mambo ya joka," akasema. Nikamwambia hakuna aliyesema. Akajiegemeza mlangoni, na dakika si nyingi nikasikia kigoda kinaburutwa.

Nafula akasoma. Safari hii alikaa kwenye kiti chako chote. Nasimiyu yuko langoni. Chungu kimepasuka kabisa, vipande viko kwenye theluji. Ameita, hakuna aliyemjibu. Akakaa chini akalia, na kitabu kinasema hapakuwa na mtu duniani wa kumsikia. Nafula akafika hapo, akanyamaza. Akaniinulia macho.

Na mimi nikakauka. Hukuniambia kwamba inatisha hivyo. Watu wanakutazama, mtoto anakutazama, na mbele yako hakuna kitu, hakuna hata njia, ni weupe tu kama ule wa ukurasa mahali pasipoandikwa. Nilitamani kusema sijui. Nilitamani kuuliza mchele uko wapi. Sijui wewe ulikuwa ukipata wapi maneno baada ya kutwa nzima ya kubeba makatoni. Halafu nikamwona yule binti. Kweli nilimwona, amekaa na magoti yake, pua inatoka kamasi, miguu ile ile mitupu.

Nikasema, "Ndipo akasikia mtu anakohoa nyuma yake."

Nafula hakutazama kitabu. Akasema, si kama msomaji, kama Nasimiyu mwenyewe: "Ni nani?"

"Ni nani unayemtarajia kwenye baridi hii? Inuka hapo kwenye theluji. Nimekuita tangu mtoni, masikio yako uliyaacha wapi?"

"Mama, umefikaje?"

"Kwa miguu. Nilipita kutafuta chungu kingine. Nilijua hicho kitapasuka, nilikuambia tangu nyumbani ni chepesi."

Na Mama Achieng akapiga paja, kitunguu kikaviringika hadi uvunguni: "Eeeh! Nilijua atakuja! Si nilijua!"

Nafula alikuwa akilia na kucheka pamoja, na machozi yake yalikuwa mepesi. Alipofuta uso akarudi kwenye kitabu, akatafuta mstari, akaendelea kusoma kilivyoandikwa. Nasimiyu akaingia langoni. Kitabuni aliingia peke yake. Hapa nyumbani waliingia wawili.

Usiku ule wakati wa kufunga nyumba aliniambia, "Baba hakutudanganya, sivyo?" Nikamwambia alidanganya. Alidanganya sana. Lakini baba aliyekuwa naye ni yule aliyekunywa maji. Huyo ndiye. Akafikiri, akasema sawa.

Sasa tunakaribia mwisho wa cha nne. Cha tano hatuna. Muuza vitabu anasema hajawahi kukiona, lakini marobota ya mitumba huja na mambo yake, ataangalia. Nafula anasema kile cha ndege wakubwa kitangoja. Ameshachungulia ndani, anasema mama wa humo naye amekufa, mapema zaidi. Nikamwambia usijali, tutafika.

Lakini kuna jambo moja nimebaki nalo, na ndilo lililoniketisha hapa kuandika. Jana nilimwuliza Nafula, baba yake Nasimiyu yuko wapi? Akatafuta. Hayuko. Hakutajwa, hata ile mistari minne hakupewa. Na wewe, vitabu vitatu vizima, ulimweka mama, ukampa sufuria na leso na chumvi na mdomo, na hukumweka mumewe hata pembeni! Umenitembeza misituni na kwenye masoko ya majitu miaka yote hiyo kama mjane, Baba Nafula, nikiwa na mume mzima amekaa kwenye kiti anasoma. Ulijisahau vipi? Ulifikiri mimi ningekwenda hadi kwa joka bila wewe?

Basi pumzika huko, mume wangu. Pumzika vizuri, lakini usizoee. Nakuahidi mbele ya Nafula, ambaye nasikia ndoo yake inawekwa mlangoni sasa hivi: cha tano kikipatikana, huyo mwandishi aandike atakavyo. Mimi siku ya kwanza tu namwingiza baba. Atakuwa amechelewa, anapanda ule mlima polepole, amebeba mzigo ambao si wake, anasimama kila hatua kutazama mandhari. Na mkewe atakuwa amesimama juu huko, mikono kiunoni, anamngojea.

Jiandae. Nitakufokea.

Mama Nafula